Uzi: Kaunta buku za maabara na mstari wa MRSA. Mnaosema usugu "unapanda", mmehesabu vipi?

Kishada wa Hombolo (mleta uzi)

Wanajamvi, mbukwenyi.

Nipo Dodoma, nafanya kazi maabara ya hospitali ambayo sitaitaja, na naomba msijaribu kuibahatisha. Kabatini kwetu kuna kaunta buku za kuanzia 2014. Kila usaha, kila damu, kila mkojo uliooteshwa (yaani kuwekwa kwenye chakula cha bakteria ili waote waonekane) umeandikwa humo kwa mkono: wengine mwandiko mzuri, wengine kama kuku amepita kwenye wino. Mwezi wa tatu bosi kaniambia, "Nitolee grafu ya MRSA, kuna kikao." Nikajua ni kazi ya jioni mbili. Leo mwezi wa tano unaisha na bado nagombana na grafu hiyo, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Kwa wasiomjua mdudu mwenyewe. Staphylococcus aureus, sisi tunamwita stafu. Mpake rangi ya Gram, mweke chini ya darubini, utamwona amejikusanya punje kwa punje, zambarau, kama kishada kilichoiva pale Mpunguzi. Yule Mskoti, Alexander Ogston, aliyempa jina miaka ya 1880 alilichukua kwenye neno la Kigiriki la kishada cha zabibu. Mkulima wa Dodoma angempa jina hilohilo bila kusoma Kigiriki.

Mdudu huyu si mgeni. Karibu watu 3 kati ya 10 wanamtembeza puani bila kujua na bila kuumwa. Balaa linaanza akipata mlango: mshono wa upasuaji, kanula (kijibomba cha dripu mshipani) iliyokaa siku nyingi, ngozi iliyoungua, mfupa uliovunjika ukatokeza nje. Akiingia kwenye damu, hapo tunazungumzia maisha ya mtu.

MRSA, yaani stafu sugu kwa methisilini (dawa ya ukoo wa penisilini), ni stafu yuleyule aliyebeba jeni iitwayo mecA. Penisilini na ukoo wake wote huua kwa kushika protini ambazo bakteria anazitumia kujenga ukuta wake. Huyu mwenye mecA ana protini ya akiba isiyoshikika. Kwa hiyo Ampiclox, amoksilini, kloksasilini, hata ile seftriaksoni mnayoiona ndiyo sindano ya mwisho, zote zinagonga mwamba.

Sasa grafu. Niliingiza kila kitu kwenye kompyuta, nikagawanya MRSA kwa stafu wote wa mwaka, nikachora. Mstari ukapanda kidogo, mwaka mmoja ukaruka juu karibu mara mbili, mwaka uliofuata ukaporomoka. Bosi aliuona akafurahia ule mporomoko. "Unaona? Kunawa mikono kumezaa matunda." Mimi nikaomba wiki mbili zaidi.

Nilianza na ule mruko. Nikarudi kwenye buku, mstari kwa mstari. Kumbe kulikuwa na kijana mmoja wa bodaboda, ajali ya barabara ya Kibaigwa, paja limevunjika na mfupa umetoka nje. Alilala wodini miezi. Kila kidonda kilipotoa usaha daktari aliandika kipimo, nasi tuliotesha, na kila mara MRSA. Nimemhesabu mara tisa. Mtu mmoja, mdudu mmoja, ameingia kwenye grafu kama watu tisa. Nilipomhesabu mara moja tu kwa mwaka huo, na wenzake wa namna hiyo vivyo hivyo, mruko ukafa.

Mporomoko nitaueleza nikitoka zamu. Huo ndio ulioninyima usingizi.

Mama Neema wa Area C

Nimeweka kambi. Ila mleta uzi, sisi wengine hatujasoma. Mwanangu wa miaka 6 anatoka majipu kila mwezi, makalioni na kwapani. Likipona moja linakuja jingine. Nikienda duka la dawa nampatia Ampiclox. Ndiyo hiyo MRSA?

Babu Kizota

Mnatutisha tu. Zamani tulikuwa tunapaka mafuta ya nyonyo, jipu linaiva, linapasuka, mtu anaenda shambani. Hizi herufi nne nne zimeletwa na wazungu ili tununue dawa mpya.

Sista wa Wodi ya Upasuaji

Babu shikamoo. Hayo mafuta ya nyonyo nayaheshimu, lakini njoo siku moja uone mama wa kisu cha uzazi ambaye mshono umefunguka wiki ya pili na hakuna sindano inayoshika. Utaacha utani.

Mleta uzi, nikuongezee la wodini. Kwetu hatuoteshi usaha wa kila mtu. Mgonjwa anakuja na kidonda, anaanzishiwa dawa. Akipona, kwaheri. Asipopona baada ya siku tano, dawa inabadilishwa. Asipopona tena, ndipo mtu anakumbuka kuwa kuna maabara. Na kipimo cha kuotesha ndugu wengine hawana hela yake, kwa hiyo hata hapo wengine hawafiki. Je, hawa mnaowahesabu ndio wagonjwa wetu kweli?

Kishada wa Hombolo

Sista umegusa kidonda chenyewe. Nitaanza na Mama Neema kwanza kwa sababu mtoto anasubiri.

Mama, jipu la kawaida dawa yake kubwa ni kutolewa usaha na mtu mwenye mikono safi na kisu safi, kwenye kituo cha afya. Usilibinye nyumbani. Mtoto anayerudiarudia anahitaji kuonwa na daktari, na mwambie ukweli kuhusu kila Ampiclox uliyompa, usione aibu. Omba usaha ukitolewa upelekwe kuoteshwa kabla hajaanza dawa nyingine. Sijui kama ni MRSA, hakuna anayeweza kujua kwa kutazama jipu. Nyumbani kila mtu awe na taulo lake, kucha za mtoto ziwe fupi, na wembe usipitishwe kwa watu wawili.

Babu shikamoo. Kuhusu "zimeletwa": mdudu huyu alianza kuwa sugu hukohuko kwao kabla hajajadiliwa kwetu. Penisilini iliingia hospitalini kwa wingi miaka ya 1940. Mary Barber, daktari wa hospitali ya Hammersmith, London, akawa anahesabu stafu wa hospitali yake. Mwaka 1946 karibu asilimia 14 walikuwa sugu kwa penisilini. 1947, asilimia 38. 1948, asilimia 59. Miaka mitatu tu. Angehesabu mwaka mmoja akaacha, asingekuwa na hadithi. Kisha methisilini ikaletwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuokoa jahazi, na mwaka 1961 Patricia Jevons, kwenye maabara ya Colindale, akatangaza kuwa kati ya stafu zaidi ya 5,000 aliowapima amepata 3 wasiosikia dawa hiyo. Watatu, Babu. Hakuna aliyelala njaa kwa sababu ya watatu. Angalia walipofika: makadirio makubwa ya dunia kwa mwaka 2019 yanasema MRSA peke yake ilisababisha vifo zaidi ya 100,000.

Sasa swali la Sista. Nipeni nafasi ya mfano, namba hizi ni za kubuni kwa ajili ya kuelewana, si za hospitali yetu.

Chukua wagonjwa 100 wenye vidonda vya stafu. Kati yao 20 wana MRSA. Ukiotesha wote 100, unaandika asilimia 20, na ndiyo kweli. Sasa fanya kama wodi ya Sista. Wote wanapewa dawa kwanza. Wale 80 wenye stafu wa kawaida, 70 wanapona na kwenda zao. Wamebaki 10, pamoja na wale 20 wa MRSA ambao dawa haikuwagusa. Hao 30 ndio wanaofika kwangu. Naotesha, napata 20 kati ya 30. Naandika asilimia 67, naipeleka kikaoni, na watu wanashika vichwa.

Hakuna aliyedanganya. Diski zangu (vile vidoti vya karatasi vyenye dawa) nzuri, mwandiko wangu mzuri. Ila nimepima mabaki ya wodi, sikupima wodi.

Na mchezo huu unaweza kugeuka bila mtu kujua. Hospitali ikipata ufadhili, vifaa vikawa bure, madaktari wakaanza kuotesha kila kidonda siku ya kwanza, asilimia itashuka mwaka huo bila mdudu hata mmoja kupungua. Mtu atapewa cheti.

Takwimu_Ng'ong'ona

Uzi wa maana kabisa. Mimi ni wa hesabu, niko chuoni hapa kilimani. Mkuu, naomba nikuulize mambo mawili. Kwa mwaka mnapata stafu wangapi, watu tofauti? Na una siku za vitanda, yaani kitanda kimoja chenye mgonjwa kwa siku moja ni siku moja?

Nauliza la kwanza kwa sababu hii: ukiwa na stafu 30 na MRSA 9, umeandika asilimia 30. Lakini kihesabu, ukweli unaweza kuwa popote kati ya karibu 15 na 49. Mwaka unaofuata ukipata 12 kati ya 30, utasema imepanda toka 30 hadi 40. Haijapanda. Au imepanda. Huwezi kujua, na ukichora mstari bila kuonyesha upana huo unawachezea watu akili.

La pili: asilimia inakwambia kati ya stafu, wangapi ni sugu. Haikwambii wodini watu wangapi wanaumia. Stafu wote wakipungua nusu, wasugu na wa kawaida pamoja, asilimia inabaki palepale wakati wagonjwa wamepungua nusu. Hesabu wagonjwa wapya wa MRSA kwa kila siku 1,000 za vitanda. Wodi ya vitanda 40 ikijaa mwezi mzima ni siku 1,200, si hesabu ngumu.

Kishada wa Hombolo

Kaka, siku za vitanda zipo, Sista na wenzake wanahesabu watu kila usiku wa manane, ziko kwenye rejista za wodi. Hakuna aliyewahi kuzikutanisha na buku zangu. Buku za wodi zinakaa ghorofa ya juu, zangu zinakaa chini, na mimi nilikuwa sijapanda ngazi.

Na kiwango cha 30 ndicho kinachotakiwa angalau, mtu mmoja mdudu mmoja, ndipo uchapishe jedwali la dawa zipi bado zinafanya kazi kwenye hospitali yako. Miaka yetu mingine inafika, mingine haifiki. Isiyofika nimeunganisha miwili miwili.

Sasa mporomoko niliowaahidi.

Kumkamata MRSA kwetu tunatumia diski ya sefoksitini, dawa ya ukoo huohuo, ya mikrogramu 30. Methisilini yenyewe haitumiki tena, limebaki jina tu. Unatandaza stafu kwenye agari ya Mueller-Hinton (chakula chake cha kuotea), unaweka diski, unaingiza kwenye inkubeta, lile sanduku la joto, usiku kucha, asubuhi unapima kwa rula duara ambalo mdudu ameshindwa kuota. Milimita 22 na kuendelea, anasikia dawa. 21 kushuka chini, ni MRSA. Yaani milimita moja inaamua mgonjwa anaitwa nani.

Na mdudu huyu ana kiburi cha joto. Inkubeta ikizidi nyuzi 35, MRSA wengine wanajificha, duara linapanuka, unaandika "anasikia dawa" na hasikii. Mwaka wa mporomoko inkubeta yetu ya zamani iliharibika baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, mnaujua mchezo huo. Ikaletwa nyingine. Aliyeipokea akaiweka 37 kwa sababu vitabu vya shule vinasema bakteria wa binadamu wanapenda 37. Karatasi ya joto imebandikwa mlangoni, imejazwa kila asubuhi, 37, 37, 38, 37, sahihi, sahihi, sahihi. Miezi. Nami sahihi yangu imo.

Kungekuwa na breki moja: yule stafu wa majaribio, ATCC 25923, ambaye majibu yake yanajulikana. Duara lake kwa sefoksitini lazima liwe kati ya milimita 23 na 29, likitoka nje ya hapo unasimamisha kazi. Ila huyo anasikia dawa kwa asili yake. Kwa tatizo la kujificha unamhitaji na mwenzake aliye sugu, umwone kila wiki bado anaonekana sugu. Sisi mwaka ule tulikuwa naye wa kwanza tu, na kwa miezi minne hata yeye hatukuwa naye, alikufa kwenye friji siku hizohizo za umeme.

Kwa hiyo nimeenda kwa bosi nikamwambia ule mwaka uliokufurahisha siwezi kuupeleka kikaoni. Alinyamaza kwa muda. Halafu akauliza wagonjwa waliojibiwa "anasikia" mwaka ule walikuwa wangapi. Nimempa idadi. Hapa sitaiandika.

DukaLangu_Chang'ombe

Pole sana mkuu, umekuwa mkweli. Mimi nina duka la dawa muhimu. Nitaongea na nitukanwe. Mteja anakuja na elfu moja, anataka vidonge vinne vya rangi mbili. Nikimwambia lete cheti cha daktari, anavuka barabara. Mwenye nyumba anataka kodi. Kila mtu anapiga kelele za "holela-holela itakukosti", sawa, lakini jirani yangu anauza.

Sista wa Wodi ya Upasuaji

Hakuna wa kukutukana kaka. Hata sisi wodini tunaandikiwa seftriaksoni kwa kila kitu, mguu seftriaksoni, kichwa seftriaksoni. Anayeuza vinne na anayeandika bila kupima ni mtu na mdogo wake.

Babu Kizota

Nimesoma yote. Nauliza bila utani sasa. Kuna mahali mstari huo umewahi kushuka kweli, si wa inkubeta?

Kishada wa Hombolo

Babu, swali hilo ndilo nililitaka tangu juzi.

Upo. Denmark wanaandikisha kila stafu aliyeingia kwenye damu ya mtu tangu 1957, nchi nzima, taasisi moja, bila kuacha. Kwa hiyo waliuona mstari wao ukipanda miaka ya 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 karibu stafu 15 kati ya 100 wa damu walikuwa sugu kwa methisilini. Halafu wakauona ukishuka hadi chini ya mmoja kati ya 100. Wengine bado wanabishana nini hasa kiliushusha, kubana dawa, usafi, au aina ile ya mdudu ilijifia. Lakini hakuna anayebisha kwamba ulishuka, kwa sababu wanaye kila mmoja kwenye daftari.

Uingereza walichelewa. Mwaka 2001 serikali ililazimisha kila hospitali kutangaza MRSA wa damu. Si asilimia, watu. Mwaka wa 2003/04 walifika zaidi ya 7,000 England peke yake, magazeti yakawaka, serikali ikaamuru wapunguzwe nusu. Kunawa mikono kwa nguvu, kanula kutolewa mapema, kila hospitali jina lake hadharani. Miaka kumi baadaye walikuwa chini ya 1,000 kwa mwaka.

Angalia walichochagua: damu. Hawakuchagua usaha, ambao huyu anaotesha na yule haoteshi. Mtu mwenye homa kali ya stafu kwenye damu daktari ana sababu ya kumpima mapema, kwa hiyo mabaki ya wodi ni machache. Ndiyo maana hata kipimo cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, kile cha 3.d.2, kinauliza MRSA wa damu. Na mfumo wa WHO wa kukusanya taarifa hizi, GLASS, wa tangu 2015, unataka ujue pia umepima damu za watu wangapi, siyo waliootesha kitu tu. Kwetu mpango kazi wa kitaifa wa usugu ulianza 2017, na sasa tuko kwenye wa pili wa 2023 hadi 2028. Maandishi yapo. Chupa za kuoteshea damu ndizo zinazokuja mwezi huu na kukosekana mwezi ujao, na mwezi usio na chupa kwenye grafu unaonekana kama mwezi usio na ugonjwa.

Takwimu_Ng'ong'ona

Hapo kwenye mwezi usio na chupa nimesimama. Sifuri na "hatukupima" lazima viandikwe tofauti. Nimeona ripoti nyingi zinaviweka kapu moja.

Mkuu, unatumia WHONET, ile programu ya kompyuta ya majibu ya usugu, au Excel tu? WHONET ni ya bure, na ile kazi ya kumhesabu mtu mara moja inaifanya yenyewe ukiwa umeingiza namba ya mgonjwa vizuri.

Kishada wa Hombolo

WHONET tunayo tangu miaka mitatu iliyopita. Tatizo ni miaka ya nyuma. Namba ya mgonjwa ilikuwa inabadilika kila akilazwa upya, na majina yanaandikwa kwa kusikia. Mtu mmoja ana majina matatu: Mazengo, Mazengu, Masengo. Nimewaunganisha kwa umri, kijiji na wodi, na pale nilipokuwa na shaka nimeandika shaka.

Kitu kingine nilichokitupa nje: majibu ya vankomaisini, dawa ya kumtibu MRSA, ya miaka ya mwanzo. Tulikuwa tunaweka diski ya vankomaisini kwa stafu na kuandika "anasikia". Diski haifai kwa dawa hiyo kwa mdudu huyu, inabidi upime kiasi halisi cha dawa kinachomzuia. Kurasa nyingi, wino mwingi, hazina kazi.

Mama Neema wa Area C

Mrejesho. Tumeenda. Jipu limetolewa usaha, wakachukua kwenye kijiti wakapeleka maabara. Daktari kasema hamwanzishii dawa kwanza kwa kuwa hana homa na jipu limetoka lote, nirudi keshokutwa na majibu. Mtoto analala.

DukaLangu_Chang'ombe

Mama hongera. Nami jana nimemkatalia mmoja. Kavuka barabara kweli.

Takwimu_Ng'ong'ona

Mkuu, nina vijana wanne wa mwaka wa tatu wanaotafuta kazi ya mikono. Jumamosi tunaweza kuja kuchapa buku zilizobaki, ukishatuombea kibali kwa bosi na majina yakafichwa. Baadaye unatulipa nyama mnadani Msalato.

Kishada wa Hombolo

Kibali nimeomba leo asubuhi, amekubali, majina hayatatoka chumbani. Msalato nimeafiki.

Ila nikuambie mapema kaka, usije ukashtuka. Buku ya 2017 haipo yote. Mchwa waliingia kwenye rafu ya chini, wamekula kuanzia Juni hadi karibu na Krismasi. Bosi kaniuliza kama tunaweza kukadiria kwa kuunganisha Mei na Januari. Nimemwambia tuache pengo wazi kwenye grafu, na chini yake tuandike "mchwa".